Jibu Alilokata Peter

Mara ya kwanza aliyekaribisha alikuwa Kudra, na alikaribisha kwa adabu tu, kama alivyolelewa. Alikuwa uani ameinamia cherehani, anawahi sare za shule kabla likizo ya Juni haijaisha. Ilikuwa saa sita mchana, lile jua la Iringa linalowaka bila kumpasha mtu joto. Akasikia sauti ya mumewe mlango wa mbele.

"Hodi."

Sauti nzuri, nzito, taratibu. Kudra alishangaa kidogo, maana katika miaka kumi na tisa ya ndoa Isihaka hajawahi kubisha hodi kwake. Huingia kama lori lililokatika breki, kiatu huku, kofia kule. Lakini mdomo wa mtu aliyelelewa vizuri hausubiri kichwa.

"Karibu," akasema, macho yakiwa kwenye sindano.

Hakuingia mtu. Mlango tu ulisogea kiasi cha kiganja, na pazia likavutwa kwa ndani kidogo, kama vile nyumba imevuta pumzi.

Isihaka aliporudi saa tisa, na kelele zake zote, Kudra akamuuliza alikuwa amesahau nini mchana.

"Mchana nilikuwa studio."

"Si ulibisha hodi hapa?"

"Mama Yasmini, mimi nibishe hodi hapa, nimekuwa mpangaji wako?"

Wakacheka. Isihaka alikuwa mtu wa kucheka kwanza, mengine yafuate. Tabia hiyo ilikuwa imemfikisha miaka hamsini na moja akiwa na marafiki wengi na mgongo mbovu. Alikuwa ameendesha lori miaka kumi na minane, Tunduma, Lusaka, Lubumbashi. Amelala chini ya injini kwenye mipaka mitatu, ametapeliwa kwa lugha sita na kuomba msamaha kwa zote. Alichorudi nacho Mlandege, mtaa wao pale Iringa, ni mgongo unaolia kama bawaba, na ile sauti. Mgongo haukupata kazi. Sauti ilipata.

Aliyemwajiri ni Peter, mwenye studio nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi; chumba kimoja, kuta zimebandikwa sponji za magodoro na trei za mayai. Peter alikuwa anakusanya hadithi za wazee, anazitia muziki na vishindo, kisha anazitundika mtandaoni watu wasikilize kwenye simu. Alimchagua Isihaka kwa sababu babu yake alitoka Kilwa.

"Jini bila lafudhi ya Pwani hatishi mtu, mzee wangu."

Isihaka amezaliwa palepale Mlandege. Bahari ameiona mara tatu, na mara zote tatu ilimtapisha. Lakini kazi ni kazi. Akalainisha ulimi, akachomeka maneno yenye Uarabu, "ghaibu" hapa na "taibu" pale, na watu wa Pwani wenyewe wakaandika kwamba huyu mzee ni wetu kabisa, ukoo wake tunaujua.

Hadithi iliyovuma kuliko zote ilitoka kwa bibi yake Peter, Bibi Yunisi, anayekaa kijiji kimoja nyuma ya Mafinga. Kwa bibi ilikuwa fupi. Kuna mgeni ambaye huja nyumba ya watu akabisha hodi mlango wa mbele. Siku nyingine hubisha mlango wa jikoni. Siku nyingine mlango wa chumba cha kulala. Akikaribishwa mara tatu, yeye ndiye mwenye nyumba, na wenye nyumba wanaanza kubisha hodi kwao. Basi, imekwisha.

Peter aliiona imepauka. Yule mgeni hakuwa hata na jina, basi akamwita jini, akamtia kwato na macho mekundu, akasema ametoka Uarabuni. Mlango wa bibi, uliokuwa wa mabua, akaupa mlio wa lango la ngome alioupata mtandaoni. Msitu wa misonobari akautilia mnyama analia kama mbwa mwitu wa Ulaya.

"Mufindi nzima hakuna mnyama analia hivyo," Isihaka alimwambia.

"Wasikilizaji hawajui."

"Mimi najua."

"Wewe husikilizi, mzee. Wewe unasoma."

Na kila palipo na "hodi", Peter aliacha kimya cha pumzi mbili, upepo tu, ili mtu aogope vizuri. Wiki ya kwanza ikasikilizwa na watu zaidi ya elfu arobaini. Wakaandika chini yake kwamba walikuwa jikoni, au wanapiga pasi, au wanapalilia bustani, simu mfukoni, na yule mzee aliposema hodi walijikuta wameitikia "karibu" kwa sauti. Waliona ni kichekesho. Hata Isihaka alicheka. Mswahili utamfundisha mangapi, lakini hodi bila karibu hajui kuiacha.

Jumatano Kudra alitoka kupeleka sare, Yasmini akamfuata. Isihaka akabaki sebuleni, miguu kwenye beseni la maji ya moto, sweta mbili mwilini, anafikiria namna ya kumwambia mkewe kwamba ameunguza sufuria. Saa sita na dakika chache, mlango wa jikoni:

"Hodi."

"Karibu," akasema.

Alisema kama mtu anavyopiga chafya. Neno lilipokuwa limeshatoka ndipo alipogundua kwamba aliyebisha alikuwa yeye. Si mtu mwenye sauti kama yake, ni yeye mwenyewe, na tena anaijua ile hodi, ilikuwa ile ya usomaji wa nne, ambao Peter aliuchagua kwa sababu kabla ya neno kulikuwa na pumzi ndefu ya uchovu, pumzi ya mtu aliyetoka mbali na mgongo unamuuma, na ile pumzi ameisikia sasa hivi nyuma ya mlango wa jikoni kwake, mchana kweupe, jogoo wa jirani anawika, maji ya beseni yamepoa ghafla mpaka vidole vya miguu vimekufa ganzi, na kutoka jikoni, ambako wamepikia gesi miaka mitano, inakuja harufu ya moshi wa kuni mbichi na ya manyoya ya mnyama aliyelowa mvua, na sauti ndogo ya kigoda kikiburutwa sakafuni, mara moja, taratibu, kama mgeni mstaarabu anavyosogeza kiti asimsumbue mwenyeji.

Hakwenda kuangalia. Alikuwa amepita misitu ya Kongo usiku na mzigo wa watu, lakini kwenda hatua sita mpaka jikoni kwake alishindwa. Alikaa na miguu ndani ya maji baridi mpaka Kudra aliporudi.

Kudra alipita sebuleni, akaona lile beseni, akatikisa kichwa. Alipofika kizingiti cha jikoni akasimama. Akasema kwa sauti ya chini, "Hodi." Akangoja kidogo, ndipo akaingia.

"Umembishia nani?" Isihaka akauliza.

"Nani kabisha?"

"Wewe. Umesema hodi."

"Baba Yasmini, mimi nibishe hodi jikoni kwangu?" Alikuwa amekasirika kweli. "Na hii sufuria imefanyaje?"

Hakukumbuka. Jioni alikwenda kuchukua chumvi akabisha tena, akangoja tena, na Isihaka alimtazama mgongo wake mwembamba ukisubiri ruhusa pale kizingitini. Mlango wa mbele umekwenda. Jikoni kumekwenda. Ulibaki mlango wa chumba, na nyuma ya mlango huo ndiko analala Yasmini, miaka tisa, kitanda kidogo ubavuni mwa kitanda chao kwa sababu nyumba yenyewe ina chumba kimoja.

Kesho yake alikuwa studio kabla Peter hajafungua.

"Usicheke," alimwambia, neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Akamweleza yote.

Peter hakucheka. Alitafuta kwenye kompyuta ile sauti ya awali, aliyomrekodi bibi yake mwezi wa nne, akaifungua bila muziki. Kuku wanasikika, mtu anapasua kuni mbali. Halafu Bibi Yunisi, sauti kavu, haina haraka: "Akabisha, hodi." Na mara, kabla hata bibi hajafunga mdomo, sauti ya mtoto na sauti ya bibi mwenyewe zikajibu pamoja:

"Bado."

"Akabisha tena, hodi."

"Bado."

"Akabisha tena, hodi."

"Bado."

Ikawa hivyo mlango wa mbele, hivyo jikoni, hivyo chumbani. Isihaka akaisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo bado iko wapi kwenye ya kwetu?"

Peter alikuwa anakuna sponji ya ukutani kwa kucha. "Niliikata."

"Kwa nini?"

"Inajirudia, mzee. Mara tatu kila mlango. Mtu anachoka, anaruka mbele. Halafu yule mtoto alikuwa na mafua."

Siku hiyo Isihaka alirudi nyumbani akamketisha Kudra na Yasmini kitandani. Akawaambia kwa kunong'ona, kama watu wanaoficha jambo kwa jirani. Ikipigwa hodi mlango huu, ya mtu yeyote, hata kwa sauti yangu, hata nikilia, jibu ni bado. Kudra alimtazama kama anavyomtazama akitoka kwa mganga wa mgongo. Yasmini alifurahi mno. Tangu aende shule hajapewa kazi ya nyumbani nzuri hivyo. Kuoga, bado. Kulala, bado. Kula mboga, bado, baba, umesema mwenyewe.

Ijumaa alfajiri akaondoka na Peter kwa kigari chake kwenda Mafinga. Malori ya mbao yaliwapita yamejaa, na kila rundo la maranda lililokuwa likifuka pembeni mwa barabara lilimrudishia Isihaka ile harufu ya jikoni. Saa nne alimpigia Kudra.

"Kimya," Kudra akasema. "Ila mwanao amekataa uji."

"Mwache akatae."

Bibi Yunisi walimkuta sebuleni anachambua maharage huku televisheni inaonyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Hakuizima, alipunguza sauti tu.

"Kamwene, bibi," Peter akamsalimia.

"Kamwene. Ndiye huyu anayesoma?" Alimtazama Isihaka kuanzia kofia mpaka viatu. "Kwenye simu nilidhani mrefu."

"Wengi hudhani hivyo, mama," Isihaka akasema, na kwa mara ya kwanza kwa siku tatu akataka kucheka, ila kicheko hakikutoka.

Peter alieleza. Alieleza vibaya, anarukaruka, na kila aliposema "jini" bibi aliacha kuchambua.

"Jini ndiye nani?" bibi akauliza mwishowe. "Majini wana kwao na wana vitabu vyao, huyu baba anawajua. Wa kwetu hakuwa na jina. Hakuwa na sura wala sauti, alikuwa anabisha kwa upepo, kwa tawi, kwa mbuzi, ndiyo maana alikuwa hafiki mbali. Wewe ukampa jina. Ukampa sauti ya baba wa watoto. Anapobisha, ukakaa kimya."

"Tumtoe vipi, bibi?"

"Hatolewi."

Televisheni ikacheka. Bibi akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Ukimwambia hapana, atauliza kwa nini. Mtaanza mazungumzo, na mtu ukishazungumza naye umeshampa kiti. Ukimwambia bado, anangoja. Hakuna dawa nyingine. Anangojeshwa. Mama yangu alimngojesha mpaka akafa. Mimi nimemngojesha tangu niolewe. Yeye hachoki kubisha, sisi tunachoka kujibu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mnadhani kuna nini kingine?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kisima kiko umbali gani.

"Ulipokuja na kile kimashine, Peter, nilimshukuru Mungu. Nikasema mashine haina mgongo, haina koo. Itajibu bado badala yangu, kwenye nyumba zote zile, nami nitalala mchana kama wazee wenzangu. Ndiyo nikamwita na mtoto wa jirani aitikie, mafua yake hayohayo. Nilitaka nipumzike tu."

Peter aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akatoa simu, akatoka nje kutafuta mtandao, na kupitia dirishani Isihaka alimwona amesimama juu ya kichuguu, mkono mmoja umenyoosha simu mbinguni, anafuta hadithi moja baada ya nyingine. Hadithi ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzinakili, wakatumiana, mpaka Tukuyu, mpaka Makambako, mpaka wapi.

"Sisi milango miwili tumeshakaribisha, mama," Isihaka akasema polepole.

"Una mmoja. Rudi kwako ukaulinde. Na msiongee sana ndani. Sauti anayoisikia mara nyingi, huivaa."

Alimpigia Kudra kutoka pale, simu haikwenda. Akapiga tena walipofika Mafinga mjini, ikaita, haikupokewa. Peter aliendesha kwa kasi ambayo Isihaka, dereva wa miaka kumi na minane, angeisema vibaya siku nyingine.

Alimshusha mwanzo wa mtaa saa kumi. Isihaka aliukaribia mlango wake ameshika kiuno. Ulikuwa umefungwa vizuri. Alikuwa amechoka mpaka kope zinauma, mgongo unawaka, na alichotaka duniani ni kulala chali kwenye sakafu ya chumba chake na mtoto wake akirukaruka karibu. Mkono wake ukagonga.

"Hodi," akasema.

Kutoka ndani, Yasmini akajibu, kwa ile sauti yake ya kuimba:

"Bado."

Isihaka akatabasamu. Akili ya mtoto, kuliko baba na mama yake. "Ni mimi, mwanangu. Baba."

"Bado."

"Hata nikikwambia nimekuletea karanga za Mafinga?"

"Bado."

Hakusukuma mlango. Alikaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu, akauegemeza mgongo kwenye ubao. Machozi yakamlengalenga kwa furaha na uchovu. Hata tukikaa hivi mpaka kesho, akajiambia, ni sawa. Nyumba ina mlinzi.

Alipoinua macho, Kudra alikuwa anapandisha mtaa na kifurushi cha sare kichwani. Pembeni yake, anaruka madimbwi, sweta limefungwa kiunoni, Yasmini.

Isihaka aliwatazama wakija. Kila hatua yao aliiona. Mgongoni kwake, ule ubao wa mlango ulikuwa na uvuguvugu, kama mtu mwingine ameuegemea kwa ndani.

"Umeamka?" Kudra akasema, anatua kifurushi. "Tumekuacha umelala, mteja hayupo, tumerudi na mzigo wote."

"Nimelala saa ngapi?" alinong'ona.

"Si ulirudi saa sita? Acha mambo yako. Ulibisha mlango wa chumbani, huyu akakwambia bado. Ukabisha, bado. Karibu nusu saa. Alikuwa anacheka, lakini mimi nilikusikia." Kudra alimgusa bega, na macho yake yalikuwa na huruma ya miaka kumi na tisa. "Mwisho ukasema, mama Yasmini, nimechoka, mgongo unaniua, naomba nilale tu. Ile sauti, baba Yasmini. Ningekuacha umesimama? Nilimwambia mtoto aache utani, nikakukaribisha."

Yasmini alikuwa anamwangalia baba yake. "Mimi sikusema karibu," akasema. "Nilisema bado mpaka koo likauma."

"Najua, mama," Isihaka akamwambia. "Najua."

Alitaka kuwaambia waende kwa Peter, waende msikitini, waende popote. Alitafuta sauti, akaona imepungua, imebaki nyembamba kama ya mtu anayesema kutoka chumba cha pili. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani. Yasmini akavaa sweta.

"Baridi," Kudra akasema. "Mbona tumesimama nje?"

Akamsogeza mumewe pembeni taratibu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa. Funguo za nyumba zilikuwa mkononi mwake, amezishika, zinalia. Hakuzitazama. Alijitengeneza mtandio, akafuta vumbi miguuni, akainua mkono, akagonga mlango wa nyumba yake kwa adabu, mara tatu, si kwa nguvu.

"Hodi wenyewe," akasema, akarudi nyuma hatua moja kungoja ajibiwe.